Barua kwa mpwa wangu: "zamu yetu" ni ya nani?

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu zako mama yako kanifikishia, na ulichoandika kwenye grupu la ukoo nimekisoma: safari hii kura zote kwa "mtu wa kwetu", Mchagga mwenzetu, ni zamu yetu. Nakujibu hadharani kwa kuwa vijana wengi hapa Moshi wanasema hivyohivyo.

Mwaka 1995, miaka kumi tangu ang'atuke urais, Mwalimu Nyerere alitaja nyufa za nyumba yetu, ukabila, udini na rushwa zikiwemo. Kwangu mimi ule ndio wosia wake. Alifananisha ubaguzi na kula nyama ya mtu, kwamba ukishaionja huachi, na hoja yake ilikuwa nzito: Wazanzibari wakijitenga kwa kusema "sisi Wazanzibari, wao Watanganyika", hawatabaki wamoja. Watagundua kuna Wapemba na Waunguja.

Sasa ilete hoja hiyo hapa mlimani Kilimanjaro. Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu, wa kwanza wa Wachagga wote, Thomas Marealle, alisimikwa mwaka 1952, juzijuzi tu. Zamani kila eneo lilikuwa na Mangi wake, na Sina wa Kibosho na Rindi wa Moshi walikuwa mahasimu wa kupigana. Wajerumani walipomvamia Sina mwaka 1891, Rindi alikuwa upande wao. Krismasi iliyopita niliwasikia wazee wawili wakinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, wakikubaliana kwamba Wachagga tuwe kitu kimoja. Kata ya pombe haijamaliza mzunguko, wakaanza kubishana watu wa Machame wameshakula uongozi mara ngapi. Na wewe baba yako ni wa Rombo, mama yako katoka kwetu Kibosho. Siku Warombo wakidai zamu yao, sisi wajomba zako utatuweka wapi?

Mwalimu hakuwa anatutisha. Hadi anafariki, Oktoba 14, 1999, alikuwa akiwasuluhisha Warundi, vikao vikifanyika hapo Arusha. Katika mji huohuo mahakama ya Umoja wa Mataifa ilisikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Unapanda basi asubuhi, kabla ya mchana umefika mahali ushahidi ule ulipotolewa.

Mgombea wenu akija, asikutajie ukoo wake. Muulize mifereji iliyokauka ataifanyaje, na mkulima wa kahawa atamsaidia vipi apate bei. Kisha niandikie alivyojibu.

Mjomba wako