Kwenu wanangu wa kwaya, kuhusu mwenzenu aliyerudi kundini

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Sijalala vizuri tangu Jumapili ile. Mwenzenu alisimama mbele ya usharika, akakiri kwa kinywa chake kwamba alikula fedha za kinanda, na kwamba anazilipa kidogo kidogo. Mchungaji akamwombea. Alipokuja kukaa kwenye benchi lenu, mkasogea mmoja mmoja mpaka akabaki peke yake kama mwenye ukoma. Nikasikia na mnong'ono: "Mwizi ni mwizi tu."

Nani kawafundisha hivyo? Fungueni 2 Mambo ya Nyakati 33. Manase mwana wa Hezekia alianza kutawala ana miaka 12, akakaa Yerusalemu kwenye kiti miaka 55. Sanamu aliiingiza ndani ya hekalu lenyewe. Watoto wake aliwapitisha motoni katika bonde la mwana wa Hinomu. Watoto wake, wanangu, si kinanda! Kisha majemadari wa Ashuru wakamtia pingu, wakampeleka Babeli, na ni katika minyororo hiyo alipojinyenyekeza akaomba. Mungu akamsikia. Akamrudisha Yerusalemu, tena katika ufalme wake. Naisoma sura hiyo tangu ujana, na kila nikifika hapo hufunga kitabu kwanza, nipumue.

Naye aliporudi aliitoa ile sanamu, akaijenga madhabahu ya Bwana.

Sijasema mumkabidhi kijana sanduku la fedha. Amalize deni. Akae bila cheo. Lakini aimbe.

Halafu tujiangalie sote. Kwenye harambee zetu, mtu ambaye mtaa mzima unajua kala mali ya umma tunamketisha mbele na kumpa kipaza sauti, na hajatubu hata neno moja. Aliyelia mbele yetu ndiye tunamnyima benchi. Aibu hii ni yetu wazee kabla ya kuwa yenu.

Paulo aliwasihi Wakorintho wamsamehe na kumfariji mkosaji wao, asije akamezwa na huzuni. Huzuni humeza mtu kweli. Zamani, nikiwa na umri wenu, kijana mmoja alirudi kwetu hivyo hivyo, tukasogea mbali naye. Hakuja tena kanisani. Gongo ilimmaliza, tukaenda kumwimbia kaburini kwa sauti nzuri sana. Nilikuwemo.

Jumamosi nitakuja mazoezini. Nafasi yake ni sauti ya nne, mstari wa nyuma. Nikikuta mmeweka ngoma hapo, nitazihamisha mwenyewe.

Babu yenu