Asante kwa uliyenisaidia na samaki wangu

Hukutaja jina lako, basi nakushukuru hivi hivi. Samaki wangu wa dhahabu, bado mchanga, wale wa mwili wa duara, alikuwa anaelea kiubavu, tumbo limevimba. Akipiga mapezi kushuka chini, anarudi juu kama kizibo. Ubavu uliokaa nje ya maji ulishaanza kuwa mwekundu.

Wengine walinishauri nimwache afe tu. Wewe uliuliza kwanza hali ya maji: amonia na nitraiti (sumu zinazotokana na uchafu wa samaki) zikoje, joto likoje. Ukanieleza kwa utulivu kwamba kibofu chake cha hewa, kile kinachomsaidia kuelea, kimeungana na njia ya chakula kwa mrija mwembamba, na kwamba hawa wa duara viungo vyao vya ndani vimebanana mno, hivyo utumbo ukijaa, kibofu nacho husongwa. Maelezo hayo yalinisaidia kuliko dawa yoyote. Ukaniagiza nibadilishe robo ya maji, mapya yawe yametolewa klorini na joto lilingane, nipunguze kina asihangaike, nisimlishe siku mbili tatu, kisha nimpe njegere iliyochemshwa, kumenywa na kupondwa. Baada ya hapo, chakula kinachozama, si cha kuelea.

Alipotoa choo kirefu nilipiga kelele kwa furaha! Sasa anaogelea wima, ingawa akishiba huinama kidogo, na ulishanitahadharisha kwamba wengine hubaki hivyo. Asante hasa kwa kunijibu usiku ule nilipokuwa narudia swali lile lile. Mungu akuzidishie.