Hao "wenzake" wana majina

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa zilipendwa wa Jumamosi iliyopita nimeusoma mara mbili, mara ya tatu nikamsomea mke wangu kwa sauti huku yeye anachambua mchele. Mmefanya jambo la maana. Mwanamuziki wa zamani hapa kwetu hukumbukwa siku anapolazwa au siku anapozikwa, nyinyi mmewatolea ukurasa mzima bila kungoja msiba. Ahsanteni.

Ugomvi wangu uko kwenye picha. Ile ya bendi ya dansi ya NUTA Jazz, watu wanane jukwaani, wamevaa sare, mmoja kainamia tumba mpaka uso hauonekani. Chini yake mmeandika: "Muhidini Gurumo na wenzake." Basi naomba kuuliza, hao wenzake ni akina nani?

Simpunguzii mwimbaji Gurumo hata chembe. Aliingia NUTA mwaka 1964, bendi ikiwa changa kabisa, na alipotangaza kustaafu mwaka 2013 alikuwa amekaa jukwaani karibu nusu karne. Lakini dansi si la mtu mmoja. Wimbo wa dansi unaanza na gitaa la solo linalokuita, chini yake gitaa la ridhimu linasokota, besi linatembea taratibu. Waimbaji wanapokezana beti, wanakutana kwenye kiitikio, tarumbeta zinajibu. Halafu linakuja chemko. Hapo waimbaji wamenyamaza, magitaa yanakimbizana, na hata yule aliyekuja ukumbini kwa ajili ya bia tu anaiweka chini chupa yake. Aliyemnyanyua kitini hakushika maikrofoni, na ndiyo maana jina lake halijulikani.

Chukueni "Sina Makosa" ya Les Wanyika ya mwaka 1979. Ipigwe kwenye harusi yoyote ile, watu wanasimama kabla mwimbaji hajafungua kinywa. John Ngereza, mwimbaji na mpiga gitaa wao, tunamjua. Je, Omari Shabani wa ridhimu? Tom Malanga wa besi? Wimbo huo ukiuondolea besi na ridhimu unabaki malalamiko ya mtu aliyechukiwa. Na hao Les Wanyika wenyewe ni tawi la Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, vijana wa Tanga waliovuka mpaka wakaenda kuhangaika Nairobi. Hilo nalo hulisikii likitajwa.

Nimeangalia tena orodha yenu ya "magwiji" nikaona kitu kimoja. Karibu wote ni waimbaji. Mbaraka Mwinshehe mmemweka, na ni haki yake, lakini yeye alikuwa anaimba na solo anaipiga mwenyewe, wakamwita "Soloist National". Alikufa kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, ana miaka 34 tu, na mpaka leo gitaa lake likilia mtu anajua ni nani. Lakini King Michael Enock je? Alivuma na gitaa akiwa Dar es Salaam Jazz, akaja kuiongoza bendi ya Mlimani Park akiwa na saksafoni. Kwenu hayumo hata kwa mstari mmoja. Nahisi ni kwa sababu hakuimba.

Nimejiuliza sana hili limetokeaje, kwa maana halikuwa hivi tangu mwanzo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Jina lake likaandikwa kwenye lebo ya santuri, na leo, karibu miaka 100 baadaye, anayetaka kujua Siti aliimba nini ana pa kuanzia. Njoo sasa kwenye wimbo wa mwaka 1978, wengi wetu tukiwa hai na masikio yetu. Tunabishana nani alitunga, nani alipiga, na wakati mwingine hata ni bendi gani.

Sababu moja ni kwamba bendi zilikuwa za mashirika. NUTA ilikuwa chama cha wafanyakazi, na vyombo vya muziki vilikuwa mali ya chama. Jeshi lina bendi, polisi wana bendi, vijana wa chama tawala wana Vijana Jazz. Mwanamuziki aliajiriwa kama karani. Akihama, gitaa linabaki, na wimbo unabaki na jina la bendi. Kisha chama kikibadilika jina, bendi nayo inabadilika: NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU, sasa ni Msondo Ngoma. Mtu mmoja, sauti ileile, bendi ileile, majina manne. Hapohapo mwaka 1978 baadhi yao wanaondoka, Gurumo akiwamo, wanakwenda kuanzisha Mlimani Park na mtindo wa Sikinde. Usipoandikiwa, utajuaje wimbo huu ni wa kabla ya kuhama au baada?

Sababu ya pili ni santuri. Bendi zetu zilikuwa zinarekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, kwenye utepe, na utepe unabaki redioni. Anayetaka santuri itoke alilazimika kwenda Nairobi, maana huku kwetu hakukuwa na kiwanda cha kuzichapa. Wimbo ambao haukupanda basi la Nairobi haukupata lebo wala jalada, kwa hiyo hakukuwa na karatasi ya kuandikia jina la mtu.

Ya tatu ni sisi wenyewe, na hapa nakiri kosa. Marehemu baba alikuwa na redio kaseti ya spika mbili. Wakati wa kipindi cha muziki alikaa mbele yake kama mwindaji, kidole juu ya kitufe chekundu. Mtangazaji wa zamani alikuwa anasema yote: bendi, mtunzi, waimbaji, wakati mwingine mpaka mpiga solo. Baba anangoja amalize. Anamaliza, kidole kinashuka, wimbo unaingia safi bila maneno ya mtangazaji. Kanda ilikuwa ghali, nani ajaze kanda kwa maneno? Ninazo kanda zake 31 mpaka leo. Kwenye karatasi za ndani ameandika kwa peni ya bluu: "NUTA – mapenzi", "Jamhuri – gitaa kali", "Sijui – ule mzuri". Kwa hiyo majina yalisemwa, Mhariri. Tuliyangoja yapite ndipo tubonyeze.

Madhara yake nimeyaona mwezi uliopita kwenye daladala. Mtangazaji wa kituo kimoja, sitakitaja, akapiga wimbo wa Mlimani Park, akausifu wee kuwa ni Msondo halisi. Mzee mmoja siti ya nyuma, kapakata kuku, akapaza sauti: "Hiyo Sikinde, bwana! Msondo wapi hapo?" Mwingine akamjibu kwamba sauti ni ya Gurumo, na Gurumo ni Msondo. Mzee akasema Gurumo alikuwa kote kote. Gari zima likagawanyika, hata dereva akapunguza sauti ya redio apate kusikiliza ubishi. Wote wawili walikuwa na haki yao, maana wimbo haukuwa na anwani.

Tulikuwa tumekaribia Sinza. Konda akapiga kelele: "Kwa Remmy wapo?" Binti wa shule aliyekaa pembeni yangu akaniuliza Remmy alikuwa nani. Kabla sijajibu, konda akaniwahi: "Remmy ni kituo, dada."

Nilishuka kituo kimoja mbele kuliko nilipotaka ili nimweleze yule binti. Kwamba Remmy Ongala alizaliwa Kongo mwaka 1947, akaja kuwa wetu, akaongoza Super Matimila. Kwamba miaka ile ukimwi unatajwa kwa kunong'ona yeye aliimba habari ya kondomu hadharani, watu wakacheza na ujumbe ukawaingia. Kwamba alikufa Desemba 2010. Na huyo angalau jina limebaki, ingawa limebaki bila mtu.

Kama mnadhani haya ni mambo ya wazee wasio na kazi, itazameni "Malaika". Miriam Makeba ameuimba, Harry Belafonte ameuimba, Boney M wameuimba, dunia nzima inaujua. Fadhili William ndiye aliyeurekodi Nairobi miaka ya mwanzo ya 1960 ukavuma. Lakini mtunzi ni nani? Wengine wanasema ni yeye, wengine wanashikilia ni Adam Salim, na yapo majina mengine pia. Wahusika wamekufa, ubishi haujafa. Na wimbo wenye mtunzi asiyeeleweka pesa zake huenda kwa mwenye karatasi.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkiandika habari ya wimbo, msiishie kwa mwimbaji. Tajeni aliyetunga na aliyepiga solo, na kama mnaweza, mpiga ridhimu na besi. Semeni bendi ilikuwa inaitwaje mwaka huo, si inavyoitwa leo. Pale ambapo jina mmelikosa, andikeni hivyo, "mpiga tumba hatujamfahamu", ili anayemfahamu ajue anahitajika. Neno "wenzake" linamfanya msomaji aone kwamba kazi imekwisha.

Na ile picha irudieni. Ichapeni kubwa, safari hii bila maelezo, kila kichwa kikiwa na namba yake, na chini mwekeni simu ya chumba cha habari. Wapo watu Magomeni, Temeke na Buguruni ambao watapiga kabla ya saa nne asubuhi. Namba sita, yule aliyeinamia tumba, mke wangu anasema anamjua.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam