Akeredolu alijua hii sheria kuliko wengi

Mhariri,

Makala yenu ya marehemu Rotimi Akeredolu, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ondo kule Nigeria, nimeisoma yote na nimeipenda, ila sehemu muhimu mmeipita juu juu, yaani sheria ya kukabidhi madaraka kiongozi akiumwa. Mmesifia uwakili wake, sawa, hadhi ya SAN, yaani wakili mwandamizi wa Nigeria, aliipata 1998 na kuanzia 2008 mpaka 2010 alikuwa rais wa chama cha mawakili nchi nzima, hapo hakuna ubishi. Lakini hamjasema alifanya nini akiwa pale.

Novemba 2009 Rais Yar'Adua alipelekwa Saudia kutibiwa, wiki zikapita hakuna barua ya kumkabidhi makamu wake Goodluck Jonathan, nchi imekaa tu haina mtu, na chama cha mawakili chini ya huyu huyu Akeredolu ndo kikaenda mahakamani kudai madaraka yakabidhiwe. Baadae katiba ikarekebishwa, rais au gavana asipokuwepo siku 21 bila kuandika barua, bunge linampa naibu akaimu.

Sasa njoo 2023, anaumwa yeye. Juni aliandika barua, naibu wake Lucky Aiyedatiwa akakaimu, safi kabisa. Septemba akarudi kutoka Ujerumani akachukua kazi yake, ila hakwenda Akure, makao makuu ya Ondo, akakaa Ibadan, jimbo la Oyo, jimbo la watu! Wananchi wa Ondo hawamuoni gavana wao, bunge la jimbo nalo likaanza mchakato wa kumng'oa naibu, mpaka Rais Tinubu akaingilia kati. Desemba 13 ndo Akeredolu akakabidhi tena, Desemba 27 akafariki.

Kuumwa sio kosa jamani, na mimi namheshimu sana, 2020 kikosi cha ulinzi cha Amotekun alikipigania kweli kweli pale mwanasheria mkuu wa serikali ya shirikisho aliposema hakipo kisheria. Ila kuandika barua kunamtegemea mgonjwa mwenyewe. Kipo kifungu cha 189 cha katiba kinachoruhusu theluthi mbili ya makamishna, yaani mawaziri wa jimbo, kusema gavana hawezi kazi, then jopo la madaktari linampima, lakini makamishna wote kawateua yeye, nani athubutu kunyoosha mkono?

Naomba mkiandika tena muweke na hili, na mtafute wanasheria watueleze kwanini madaktari wasubiri watu walioteuliwa na mgonjwa.

Msomaji wenu,
Morogoro