Shukrani kwako, mzee uliyeniokolea samaki

Sikuuliza jina lako, na hilo linaniuma. Ulinikuta nimemkodolea macho samaki wangu mpya: amejibanza pembeni mwa tangi, mapezi kayakunja, anahema harakaharaka, rangi imempauka. Nilishaanza kumtafutia dawa. Ukasema, "Mwanangu, huyo ana hofu tu. Zima taa kwanza."

Taa! Kisha ukauliza nilimwingizaje. Nilikuwa nimemmimina moja kwa moja, pamoja na maji ya mfuko. Hukunicheka. Ulinieleza kwamba mfuko huachwa uelee kama dakika 15 ili joto lilingane, halafu maji ya tangi huongezwa humo kidogo kidogo, na samaki huhamishwa kwa wavu. Kwa huyu aliyekwisha kuingia, ulisema nimwachie giza na majani ya kujifichia, nisimlishe hadi kesho yake, na nisigonge kioo (nilikuwa nagonga, nakiri). Ukapima pia kiasi cha amonia majini, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Haikuwa sifuri, tukabadili robo ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini.

Siku ya tatu alitoka mwenyewe, akaja kula. Asante sana, mzee wangu. Yuko mzima, na sasa ni mlafi kupindukia.