Tunatangaziwa kasi, tunauziwa MB

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna kampuni za simu zinavyopanga bei za intaneti hapa Tanzania, hasa tangu huduma ya 5G, yaani kizazi cha tano cha mtandao wa simu, ilipozinduliwa Septemba 2022 na kasi ikawa ndiyo sifa kubwa katika matangazo yao. Mteja anavutwa kwa kasi lakini anatozwa kwa ujazo, yaani wingi wa data unaohesabiwa kwa MB na GB, na jambo hili likiachwa lilivyo, kila mtandao unapoongezewa kasi mtu wa kipato kidogo ndiye anayeumia.

Hesabu yake si ngumu, maana GB 1 ni sawa na takriban megabiti 8,000. Simu inayopokea megabiti 2 kwa sekunde itachukua zaidi ya saa moja kumaliza GB 1, hata ikipakua bila kupumzika. Kwa megabiti 20, ambazo 4G nzuri huzifikia bila shida, GB hiyohiyo inakwisha ndani ya dakika 7, na kwa megabiti 200 za 5G inakwisha kwa sekunde 40. Bila shaka hakuna anayepakua mfululizo namna hiyo, lakini programu za video hupima zenyewe kasi iliyopo na kupandisha ubora wa picha pale zinapoona njia ni nyeupe, wala hazimwulizi mwenye simu. Nadhani hapa ndipo linapotoka sehemu kubwa ya lile lalamiko la kila siku kwamba bando linaibwa: halijaibwa, ila limeliwa upesi, na mteja hakuelezwa mapema kwamba itakuwa hivyo.

Kasi ndogo nayo ina hasara yake. Nina duka la steshenari Korogwe, na wakati wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu vijana hujaa hapo wakipandisha vyeti vyao kwa bando la simu zao. Faili hufika karibu na mwisho, mtandao unalegea, ukurasa unagoma, na kazi inaanza upya. MB zilizokwenda na jaribio lililoshindikana zimeshahesabiwa kama zilizotumika. Kijana aliyejiunga kifurushi cha saa 24 analipa mara ya pili kwa cheti kilekile. Hakuna mahali popote kwenye menyu ya kujiunga alipoambiwa atapata kasi gani. Ameambiwa MB na saa tu.

Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilipokatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima, kila mtu aliuona udhaifu wa kuuza data kwa muda bila ahadi yoyote ya kasi. Saa za kifurushi hazisimami kwa sababu mtandao unatambaa.

Sisemi kwamba kampuni hizi hazina gharama. Zimelipia masafa ya mawimbi ya mawasiliano katika mnada wa Oktoba 2022, zinajenga minara, zinalipia umeme na mafuta ya jenereta. Lakini gharama ya mnara haipandi kwa sababu mtu fulani ametumia GB moja zaidi saa tisa ya usiku wakati wengine wamelala. Inapanda pale wengi wanapotaka kutumia kwa pamoja saa mbili usiku, na uwezo wa mnara ukagawanywa kati yao. Kampuni zinalijua hili vizuri, ndiyo maana vifurushi vya usiku wa manane huuzwa kwa bei ya chini. Basi kinachoadimika ni kasi katika saa za msongamano, na hicho ndicho kingestahili kupangiwa bei.

Wapo waliokwisha kufanya hivyo. Huko Ufini, mteja wa simu kwa kawaida huchagua kasi anayoitaka, analipia kasi hiyo kwa mwezi, na data anatumia bila kikomo. Anayetaka kasi kubwa zaidi anaongeza fedha. India, kampuni ya simu ya Jio iliyoanza 2016 iliweka kiwango cha data cha kila siku, na mteja akikimaliza hakatiwi huduma bali anashushiwa kasi hadi kilobiti 64 kwa sekunde, kiasi ambacho ujumbe wa maandishi bado unapita. Hapa kwetu vifurushi vya kasi bila kikomo vimeanza kuonekana kwenye ruta za nyumbani, kwa bei ambayo mpangaji wa chumba kimoja haimudu. Kwa nini mwenye simu ya mkononi asiuziwe megabiti 2 au 3 kwa sekunde, kwa mwezi, kwa bei anayoiweza?

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliingilia suala la vifurushi mwaka 2021, na mambo kadhaa yalinyooka, likiwamo la mteja kupewa taarifa matumizi yanapofika asilimia 75 na asilimia 100. Hatua hiyo ilihusu ujazo. Naiomba sasa iiguse kasi: kila kifurushi kionyeshe, kabla mteja hajabonyeza kukubali, kasi ya chini anayoweza kuitegemea katika wilaya yake, na muda wa kifurushi uongezwe pale kampuni inaposhindwa kuifikia. Mamlaka ina vifaa vya kupima ubora wa huduma na tayari hutoa takwimu za sekta kila robo mwaka, kwa hiyo matokeo ya kila wilaya na kila kampuni yanaweza kuchapishwa humo humo.

Msomaji wako,
Korogwe, Tanga