Data za kasa na samaki, someni kabla hamjatuma

Masalkheri wote, samahani meseji ndefu lakini hii kwa voisi noti haielezeki. Ile shiti yetu tunaiweka Zenodo, tovuti ya kuhifadhi data za utafiti, wiki hii, ni bure na inapata DOI, yaani namba ya kudumu ambayo mtu akitumia data zetu ataitaja. Leseni ni CC BY 4.0, yeyote aweza kuitumia hata kibiashara bora atutaje tu.

Sasa jana nafungua faili nakuta kolamu ya mwisho ina majina ya manahodha wa Kizingitini na namba za simu, tena mmoja kaandikiwa "huyu ana deni la barafu" 😂 jamani! Wale walitupa habari za samaki, hawakutupa ruhusa ya kuwaanika duniani, na sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 ipo. Futeni kolamu nzima, badala ya majina wekeni N1, N2, na orodha ya nani ni nani isikae faili hiyohiyo.

Viota vya kasa pia, msiweke GPS kamili, acheni desimali moja tu, hapo mtu anajua eneo la kama kilomita 11 tu, si kiota chenyewe, mwizi wa mayai naye ana simu bwana.

Na ile grafu ya joto la bahari mliyoitoa kwa NOAA, lile shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, andikeni chanzo na tarehe mliyoishusha, isije ikaonekana tumepima sisi.

Nataka faili safi Alhamisi usiku, Ijumaa baada ya swala napandisha.